Kabla Hujasema Uyoga Wako wa Miombo ni Spishi Mpya

Kila mvua zikianza huletewa picha na kuulizwa kama uyoga ulio pichani ni spishi mpya, kwa hiyo naandika hatua zote hapa ili nisirudie tena.

1. Piga picha uyoga ukiwa bado ardhini, pamoja na upande wa chini wa kofia.

2. Andika tarehe, mahali, harufu na miti iliyo karibu, kwani uyoga mwingi wa miombo huishi kwa kushirikiana na mizizi ya Brachystegia na Julbernardia.

3. Chimbua, usikate, kwani ukikata, kikombe kilicho chini ya shina la uyoga wa jenasi ya Amanita hubaki udongoni.

4. Laza kofia usiku kucha juu ya karatasi, nusu nyeupe na nusu nyeusi, upate rangi ya spora, yaani chembe ndogo za kuzaliana za uyoga.

5. Kausha siku hiyohiyo. Hapa ndipo nilipoharibu: nilifunga sampuli kumi na moja katika mfuko wa plastiki, nikazikuta zimejaa funza, kisha kwa haraka nikazitundika juu ya jiko la mkaa, ambako zilipikika badala ya kukauka, na maabara haikupata vinasaba vyovyote. Tumia hewa yenye joto la nyuzi 40 hivi mpaka uyoga uvunjike kama biskuti. Kabla ya hapo, kata kipande kidogo kama punje ya mchele ukihifadhi ndani ya silika jeli, chembe zinazofyonza unyevu.

6. Pima spora kwa hadubini, kisha usomwe mfuatano wa vinasaba wa eneo la ITS, sehemu ya vinasaba itumiwayo kutambua spishi za uyoga.

7. Sampuli ya kielelezo ihifadhiwe hebaria (hifadhi ya mimea na uyoga uliokaushwa), maelezo yaandikwe kwa Kiingereza au Kilatini, na jina lipewe namba ya usajili, sharti lililoanza mwaka 2013.

Swali: Nimekutumia picha. Ni mpya? Unaliwa?
Jibu: Picha haina spora. Usiule.

Swali: ITS ikitofautiana na ya spishi inayojulikana kwa asilimia 3, hiyo ni spishi nyingine?
Jibu: Swali zuri. Hicho ni kipimo cha kuanzia tu, si sheria, na huenda jirani yake wa karibu hajawahi kuwekwa kwenye hifadhidata. Kwa uyoga wa jenasi ya Cantharellus, ambao ITS yao ni ndefu na hukataa kunakiliwa vizuri, wataalamu hutegemea zaidi jeni ya TEF1. Waulize pia akina mama wauzao uyoga: Termitomyces titanicus wa Zambia, ambao kofia yake hufikia mita moja, ulipewa jina la kisayansi mwaka 1980, ilhali wenyeji walikwisha kuula zamani.

Swali: Niubebe ndani ya nini, basi?
Jibu: Mifuko ya kaki, kila uyoga na mfuko wake, na namba iandikwe kwa penseli kwa sababu wino huyeyuka ukilowa.