CD ya fanki hudanganya masikio: namna ya kuikagua, kuiosha na kuikopi

Fanki (funk) ni muziki wa kujirudia. Besi inashika mstari mmoja, ngoma zinakazia pigo la kwanza kama mwimbaji James Brown alivyowataka wapigaji wake, gitaa linakwaruza kwa juu, na wimbo unaweza kwenda dakika saba bila kugeuka. Ndiyo utamu wake, na ndiyo sababu CD yake ikiruka unaweza usijue. Karibu na tundu la katikati, mzunguko mmoja wa CD hubeba takriban sekunde 0.13 za sauti. Kwenye mdundo wa mapigo 105 kwa dakika, hiyo ni karibu robo ya pigo. Deki ikiruka hapo, mguu wako unaendelea kugonga sakafu kama kawaida. Kwa hiyo CD ya fanki hukaguliwa kwa macho na saa kwanza, masikio yafuate.

Iwe imetoka kwenye meza ya mitumba ya soko la Mlango Mmoja hapa Mwanza au imetumwa na ndugu aliye Ulaya, ishike kwa ukingo, igeuze upande unaong'aa na uiinamishe chini ya taa. Albamu nyingi za fanki za miaka ya 1970 zilipangwa kwa ajili ya santuri, dakika 35 hadi 45 tu, ilhali CD hubeba dakika 74 au zaidi. Na CD husomwa kutoka ndani kwenda nje. Albamu ya dakika 40 huishia kama milimita 46 kutoka katikati. Tazama vizuri utaona mpaka: mng'ao unabadilika kidogo, na nje yake kuna mkanda wa zaidi ya sentimita moja usio na muziki wowote. Mikwaruzo ya kwenye mkanda huo haidhuru kitu. Iombee punguzo, kisha nunua. Tahadhari ni kwa matoleo mapya yaliyoongezewa nyimbo. Hayo hujaa hadi karibu na ukingo.

Mkwaruzo unaotoka katikati kwenda ukingoni haudhuru sana, maana mwanga unaosoma CD unaukata mara moja na kupita. CD ina hesabu za kujisahihisha zinazoweza kufidia pengo la kama milimita 2.5 kwenye njia ya sauti. Mkwaruzo unaofuata duara ndio mbaya, hata ukiwa mwembamba kama unywele.

Upande wa maandishi ndio wenye hatari zaidi, ingawa wengi huulaza mezani wakidhani wanalinda muziki. Plastiki ya CD ina unene wa milimita 1.2, lakini alumini yenye muziki iko juu kabisa, chini ya rangi na varnishi nyembamba. Weka tochi ya simu nyuma ya CD. Vitundu viwili vitatu vya ukubwa wa ncha ya sindano bado husomeka. Ukiona mwanga unapita kama kwenye chujio, hakuna dawa. Rangi ya kahawia inayotambaa kutoka ukingoni ni alumini inayooza, na baadhi ya CD zilizotengenezwa Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 zina ugonjwa huo. Ya namna hiyo ikopi leo leo.

Upande wa chini ukiwa na rangi ya kijani, bluu au zambarau, hiyo imechomwa, haikutoka kiwandani. Nyuma ya kava tafuta pia herufi tatu (A ni analogi, D ni dijitali, na ya kwanza inahusu kurekodi): AAD au ADD ndizo zinazotarajiwa kwa kazi ya 1973. Ukikuta DDD, maana yake ilirekodiwa kidijitali tangu mwanzo, jambo ambalo karibu studio zote za wakati huo hazikuwa nalo. Huenda umeuziwa nyimbo zile zile zilizorudiwa miaka mingi baadaye.

Kuosha sasa. Mwanza ni jiji la miamba, na vumbi la mawe ni gumu kuliko plastiki ya CD. Ukifuta ikiwa kavu, unaipiga msasa. Kwanza ipitishie maji ya bomba kama nusu dakika bila kuigusa. Tia tone moja la sabuni ya maji ya vyombo kwenye nusu lita ya maji ya uvuguvugu, kisha tumia nyama ya kidole kusugua kutoka katikati kwenda nje, mstari ulionyooka, usizungushe. Suuza. Suuza ya mwisho iwe ya maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwenye maduka ya vipuri kwa ajili ya betri (soma lebo: kuna chupa za tindikali zinazokaa rafu moja nayo). Maji ya bomba yakikaukia juu huacha madoa. Kausha kwa kanga kuukuu iliyofuliwa mara nyingi. Kanga mpya bado ina wanga na itaacha utando.

Petroli, tina na dawa ya kutolea rangi ya kucha hufanya plastiki iwe nyeupe kama jicho lenye mtoto, na haitarudi. Dawa ya meno ni msasa laini: inapunguza mkwaruzo mmoja na kuacha midogo mia. Iache iwe ya mwisho kabisa.

Kukopi fanya mchana, au funga dirisha. Wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi hufuata taa usiku, na mmoja akisagika juu ya CD huacha mafuta yanayochanganya mwanga. Kama ameshakwama, loweka dakika kumi. Usimkwangue kwa kucha.

Kwenye kompyuta ya Windows tumia programu ya Exact Audio Copy, ni ya bure. Chagua usomaji wa uhakika, ule unaorudia sehemu yenye shaka hadi majibu yalingane, na uwashe ulinganishaji wa AccurateRip, unaopima kopi yako na za watu wengine wenye CD hiyo. Nambari zikilingana, hakuna kilichoruka, hata kama masikio yana wasiwasi. Laptopu iwe na chaji ya kutosha, maana umeme ukikatika katikati unaanza upya. Draivu ya nje ikinguruma, ikazima na kuwaka, mara nyingi haijaharibika: haipati umeme wa kutosha. Ichomeke moja kwa moja kwenye laptopu, au tumia waya wenye vichwa viwili vya USB.

Hifadhi kwa FLAC, aina ya faili la sauti. Dakika 40 bila kubanwa ni kama MB 400. FLAC huzishusha hadi karibu 250 bila kupoteza kitu, na flashi ya GB 32 itabeba albamu zaidi ya 100. MP3 ni ndogo zaidi, lakini mara nyingi huacha kimya kifupi kati ya nyimbo. Kwenye fanki, ambako wimbo mmoja humwagikia mwingine, kimya hicho ni kama mtu kakanyaga waya.

Huna kompyuta? Tumia saa ya simu. Deki nyingi huonyesha urefu wa wimbo. Anza kupima wimbo unapoanza. Ukiisha mapema kuliko inavyoonyeshwa, imeruka mbele. Ukichelewa, imerudi nyuma. Kisha sikiliza kwa hedifoni, si kwa sabufa. Sabufa huvimbisha besi hadi inafunika vile vimlio vidogo vya mkwaruzo, na vimlio hivyo hukaa hasa kwenye kimya kati ya pigo na pigo la gitaa.

CD isimame wima kwenye kasha lake, mbali na ukuta unaopigwa na jua la jioni, wala isikae juu ya amplifaya. Mifuko laini ya plastiki yenye harufu ya pazia la bafuni hunata kwenye CD kwa joto. Wakati wa masika kinachoharibika kwanza ni kijitabu: karatasi inayong'aa ikinyonya unyevu hugandana, na kuvu hufuata. Tupia kwenye boksi vile vifuko vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya, vinne au vitano kwa CD 50, na uvibadilishe mvua zikiisha. Kijitabu kikianza kugandana, pitisha kadi ya simu ya zamani polepole kati ya kurasa kikiwa bado kibichi, maana kikikauka hushikana moja kwa moja. Kisha kiache kikauke kivulini siku mbili, kurasa zikiwa zimeachana.