Somo: Rojo la boga la nyumbani, zito na lisilo na maji

Wapendwa, rojo la boga ni boga lililoiva likapondwa mpaka likalainika. Ukiwa nalo jikoni, uji wa mtoto, supu, maandazi na keki vyote vinakuwa rahisi. Kinachoharibu ni maji. Boga lina maji mengi tangu shambani. Ukilitosa kwenye sufuria ya maji linazidi kuyanywa, na utamu unaishia kwenye maji unayomwaga. Kwa hiyo hapa hatuchemshi.

1. Chagua. Tafuta boga lililokomaa: kikonyo kimekauka na ganda halitoboki kwa ukucha. Mimi napenda la kilo 2 au 3, maana makubwa sana mara nyingi yana nyuzi na maji. Likiwa limeshapasuliwa sokoni, angalia nyama iwe kavu na ya rangi ya chungwa iliyokolea.

2. Osha, ndipo ukate. Kisu hubeba uchafu wa ganda mpaka ndani. Tandika kitambaa chini ya boga lisiteleze, lipasue vipande vikubwa, kisha kwangua nyuzi na mbegu kwa kijiko. Mbegu usitupe, zikaushe uzikaange na chumvi. Ganda liache. Onja kijipande kibichi: kikiwa na uchungu mkali, tema na utupe boga zima. Uchungu ule ni sumu, na moto hauiondoi.

3. Ivisha kwa mvuke. Panga vikonyo vya majani ya mgomba chini ya sufuria, tia maji kidogo yasiyofika kwenye boga. Laza vipande ganda likiwa juu, ili matone ya mvuke yateleze yasituame kwenye nyama. Funika kwa majani ya mgomba, kisha mfuniko. Nusu saa kwa kawaida inatosha. Uma ukizama bila kusukumwa, epua. Mwenye oveni aoke kwa nyuzi 200 za Selsiasi, dakika 45 hadi 60. Rojo la oveni ndilo tamu kuliko yote.

4. Ponda. Kwangua nyama ikiwa bado vuguvugu, uiponde kwa mwiko au uisage kwa blenda bila kuongeza maji. La mtoto lipitishe kwenye chekeche.

5. Chuja. Hapa ndipo wengi wanaporuka. Tandika kitambaa safi cha pamba juu ya chujio, mimina rojo, liache saa nzima. Kisha chota kijiko uweke kwenye sahani. Likisimama kichuguu na pembeni pasitokee duara la maji, liko tayari. Likitambaa, lirudishe sufuriani kwa moto mdogo huku unakoroga. Maji yaliyochujika ni matamu, kandia unga.

6. Hifadhi. Kwenye friji siku 3 au 4 ndani ya chombo chenye mfuniko. Kwenye friza ligandishe kwenye trei ya barafu, kisha vipande uvitie mfukoni. Vinakaa miezi kadhaa.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mama. Mwanangu ametimiza miezi 6, nianze nalo?*
Marahaba mwanangu. Anza nalo, vijiko viwili vitatu, ukiongeza tone la mafuta au siagi, maana mafuta husaidia mwili kufyonza vitamini A ya boga. Chumvi na sukari usitie, na asali usimpe kabisa kabla hajatimiza mwaka 1.

*Dada, naweza kulifunga kwenye chupa na kuzichemsha kama jamu, nikauze?*
Hapana, mdogo wangu, hili nakusihi. Boga halina asidi ya kutosha, na rojo ni zito, joto halifiki sawasawa katikati ya chupa. Vijidudu vya botulizimu vinabaki hai, na sumu yake inaua bila hata kubadilisha harufu ya chakula. Wizara ya Kilimo ya Marekani inashauri watu wasihifadhi rojo la boga kwenye chupa nyumbani, hata kwa presha kuka. Uza likiwa limegandishwa.

*Kwetu hakuna umeme, tufanyeje?*
Pika la kula siku hiyohiyo. Boga zima lililokomaa, lenye kikonyo chake na lisilo na jeraha, hukaa miezi pahali pakavu penye hewa. Likishapasuliwa, gawana na jirani.

*Maandazi yangu ya boga yanakunywa mafuta. Rojo kiasi gani kwa nusu kilo ya unga?*
Kikombe 1 cha rojo lililochujwa. Kanda nalo kwanza, ndipo uongeze tui kijiko kwa kijiko mpaka unga ushikane. Ukitia tui lote mwanzoni, donge linalegea, unaongeza unga, na vipimo vya sukari na hamira vinapotea. Mafuta nayo yapate moto wa kutosha: tupia kijidonge, kikielea mara moja huku kinatoa mapovu, anza kukaanga.