Kuishi na Magoti Yanayouma Katika Nchi ya Milima

Katika wilaya ya Rungwe, ambako nilizaliwa, nyumba nyingi zimejengwa kwenye migongo ya vilima na mito iko chini bondeni, kwa hiyo mtu anayechota maji, anayepeleka mikungu ya ndizi barabarani au anayekwenda kuchuma chai hupanda na kushuka tangu utotoni bila kulifikiria goti lake. Mama yangu aliishi hivyo hadi alipofikisha miaka 58. Goti la kulia lilianza kumuuma wakati wa kushuka, kisha likawa linakakamaa kila alipokaa muda mrefu kanisani, na hatimaye likatoa sauti ya kusagika ambayo hata sisi tuliokaa karibu naye tuliisikia. Majirani walimwambia ni baridi yabisi, apumzike. Alipumzika karibu mwaka mzima, na katika mwaka huo ndipo hali ilipozidi, kwa sababu paja lilinywea na uzito wa mwili ukaongezeka. Ninaandika mambo tuliyofundishwa baadaye na wataalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, pamoja na yale tuliyoyapanga wenyewe nyumbani, kwa kuwa ninawaona wazazi wengi wa nyanda za juu kusini wakipewa ushauri ule ule wa kupumzika, nao unawaumiza.

Ujue kwanza unaugua nini

Jina la baridi yabisi hubebeshwa maumivu ya kila aina. Ugonjwa ninaouzungumzia hapa ni ule wa kulika kwa gegedu, yaani tabaka laini na lenye utelezi linalofunika ncha za mifupa inapokutana ndani ya goti. Tabaka hilo likichakaa, mifupa husuguana, goti huvimba mara kwa mara, na misuli inayolishikilia hudhoofika kwa kuwa mgonjwa hukwepa kuutumia mguu. Baridi ya Juni na Julai haisababishi ugonjwa huu, ingawa wagonjwa wengi huhisi maumivu na ukakamavu zaidi katika miezi hiyo. Vinavyouchochea hasa ni umri, uzito wa mwili, jeraha la zamani la goti, kazi za miaka mingi za kubeba mizigo, kupiga magoti na kuchuchumaa, na pia urithi wa ukoo. Wanawake waliovuka miaka 50 huupata zaidi kuliko wanaume.

Goti la namna hii hukakamaa asubuhi kwa muda mfupi, kwa kawaida usiozidi dakika 30, kisha hulegea mtu anapoanza kutembea. Ikiwa ukakamavu unachukua saa nzima au zaidi, na viungo vya vidole vya mikono yote miwili vimevimba, huenda kinga ya mwili ndiyo inayovishambulia viungo, na ugonjwa huo unahitaji dawa tofauti ambazo hufaa zaidi zikianzwa mapema. Maumivu makali yanayozuka ghafla usiku, mara nyingi yakianzia kwenye kidole gumba cha mguu, yanaweza kuwa jongo. Goti lililovimba kwa ghafla, lenye joto kali na linaloambatana na homa ni jambo la kwenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu usaha ndani ya kiungo unaweza kukiharibu kwa siku chache tu. Vivyo hivyo ikiwa mtu ameanguka na hawezi tena kuukanyagia mguu huo. Picha ya eksirei husaidia, lakini isikutishe: wapo watu ambao picha zao ni mbaya na wanatembea vizuri, na wapo ambao picha zao ni nzuri na wanateseka.

Paja ndilo linalobeba goti

Msuli mkubwa wa mbele ya paja hupokea sehemu ya mshindo wa kila hatua kabla haujafika kwenye goti. Ukinywea, mshindo wote huenda kwenye gegedu ambalo tayari limelika. Kwa hiyo mazoezi ya paja ndiyo tiba ya kwanza ya ugonjwa huu, na dawa huja kumwezesha mgonjwa kuyafanya. Nilikuwa siamini hivyo. Niliona ni ukatili kumwambia mama mwenye maumivu afanye mazoezi, mpaka nilipoona anainuka kanisani bila kushikwa mkono.

Tulianza na zoezi jepesi kuliko yote. Mgonjwa hukaa kitandani akiwa amenyoosha mguu, huweka kitenge kilichokunjwa chini ya goti, kisha hukikandamiza kitenge hicho kwa goti huku akikaza paja, anahesabu hadi 5, analegeza. Anarudia mara 10 kwa kila mguu, asubuhi na jioni, na aufanye pia mguu usiouma, kwa maana ndio unaobeba kazi ya mwenzake. Baada ya wiki moja au mbili, hulala chali, hukunja mguu mmoja, na kuuinua ule mwingine ukiwa umenyooka hadi kiasi cha futi moja kutoka kitandani, anahesabu hadi 5 na kuushusha polepole. Kushusha polepole ni nusu ya kazi, usiuachie mguu udondoke.

Zoezi la tatu ndilo lililomsaidia mama kuliko mengine yote: kukaa na kusimama. Tafuta kiti imara kisicho cha chini, kiegemeze ukutani kisiteleze, kaa, kisha simama bila kujisukuma kwa mikono, na ukae tena taratibu kana kwamba kiti kina mayai. Anayeshindwa aongeze mto juu ya kiti kwanza, au ajishike mezani kwa wiki za mwanzo. Mara 8 au 10 zinatosha kuanzia, na idadi iongezwe kadiri nguvu inavyorudi.

Maumivu kidogo wakati wa mazoezi hayana madhara. Kipimo tulichopewa ni asubuhi inayofuata: ikiwa goti linauma kuliko lilivyozoea, punguza idadi ya siku hiyo lakini usiache kabisa. Matokeo hayaonekani katika wiki ya kwanza. Wengi huanza kuona tofauti baada ya wiki 6 hadi 8, na wengi pia huacha katika wiki ya tatu wakidhani hayafanyi kazi. Hapo ndipo mtoto au mjukuu anatakiwa akae karibu na kuhesabu pamoja na mzazi.

Miteremko, mizigo na jembe

Watu hudhani kupanda ndiko kunakoumiza goti, kwa kuwa ndiko kunakochosha pumzi. Kwa mgonjwa wa goti, kushuka mara nyingi ndiko kunakouma zaidi, kwa sababu kila hatua goti hulazimika kuzuia mwili usiporomoke. Anayeshuka kutoka shambani apite kwa kukatisha mteremko upande huu na upande huu badala ya kuufuata wima, apige hatua fupi, na atumie fimbo. Fimbo hushikwa kwa mkono wa upande wa pili wa goti linalouma, na husogezwa mbele pamoja na mguu mgonjwa. Urefu wake ufike kwenye kifundo cha mkono mtu anaposimama wima akiwa amelegeza mikono. Wazee wetu wengi huishika upande ule ule unaouma, na kwa namna hiyo haiwapunguzii mzigo ipasavyo. Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda na mguu mgonjwa hutangulia kushuka.

Mizigo ya kichwani ni suala linalohitaji uamuzi wa familia nzima. Ndoo ya lita 20 ikijaa ina kilo 20 za maji, na goti huubeba uzito huo juu ya ule wa mwili, tena kwenye njia yenye utelezi wa mvua. Tulibadili ndoo kubwa kwa madumu ya lita 5, na hayo mama huyabeba mikononi, moja kila upande. Mikungu ya ndizi sasa hupakiwa kwenye bodaboda au toroli. Ni gharama, najua, na si kila nyumba inaimudu kila siku. Hata hivyo, ukipiga hesabu ya siku za palizi ambazo mgonjwa hushindwa kabisa kutoka kitandani, utaona kwamba nauli ya mzigo ni ndogo.

Jembe lenye mpini mrefu humwezesha mtu kulima bila kuinama sana wala kupiga magoti. Wakati wa kupalilia maharage au kuvuna viazi, kaa kwenye kigoda kirefu kiasi na uhame nacho tuta hadi tuta. Gawanya kazi: dakika 90 asubuhi, mapumziko, kisha kiasi kama hicho jioni. Siku moja ya kulima kutwa nzima kwa kuwa goti limepata nafuu humrudisha mgonjwa nyuma kwa wiki.

Ndani ya nyumba

Jiko la mafiga na kigoda kifupi humlazimisha mama kukunja magoti mara nyingi kwa siku. Tuliinua jiko letu kwa kujenga jukwaa la matofali lenye kimo cha kiuno, na fundi wa mtaani alilimaliza kwa siku moja. Choo cha kuchuchumaa ndicho kigumu zaidi. Suluhisho la bei nafuu ni kiti cha plastiki au cha mbao kilichotobolewa katikati, chenye miguu imara, kinachowekwa juu ya tundu, pamoja na mti au bomba la kushikilia lililochimbiwa ukutani. Kitanda kikiwa chini mno, kiinue kwa matofali chini ya miguu yake.

Liko jambo ambalo watu huona haya kulitaja. Katika familia nyingi za huku, mwanamke hupiga goti au huchutama anapomwamkia mkwe au mkubwa wake, na wapo wanaoumia kimya kwa kuogopa kuonekana wamekosa adabu. Sisi tulizungumza na wakubwa wa ukoo wazi, nao wakamruhusu mama aamkie akiwa amesimama na kuinamisha kichwa. Hakuna aliyekasirika. Kanisani vilevile anaweza kusali akiwa ameketi, na Mwislamu mgonjwa anaruhusiwa kuswali akiwa kwenye kiti.

Uzito, chakula na bamia

Utafiti uliofanywa kwa wagonjwa wa magoti wenye uzito mkubwa ulionyesha kwamba kila kilo 1 ya mwili inayopungua huliondolea goti mzigo wa takribani kilo 4 kwa kila hatua. Anayepunguza kilo 5, basi, ni kama ameitua ile ndoo ya lita 20. Si lazima kula vyakula vya kununua mbali. Punguza sukari katika chai, acha soda, punguza kiasi cha ugali na ndizi za kukaanga, ongeza maharage, mboga za majani na matunda. Parachichi tunalolivuna huku ni chakula kizuri, ila lina mafuta mengi, na nusu yake inatosha kwa mlo mmoja.

Huambiwa pia kwamba mafuta ya goti yameisha na kwamba bamia itayarudisha kwa kuwa ina utelezi. Bamia ni mboga yenye afya, lakini utelezi wake humeng'enywa tumboni kama chakula kingine na hauendi kuwa ute wa goti. Vidonge vya gharama kubwa vinavyonadiwa kwenye mabasi na masokoni kuwa vinaotesha gegedu upya havijathibitishwa kufanya hivyo, na fedha hiyo ingenunua kiti kizuri cha mazoezi.

Dawa

Jeli ya diklofenaki ya kupaka inafaa kujaribiwa mapema, kwani hufanya kazi kwenye goti lenyewe na ni kidogo tu kinachoingia kwenye damu. Parasetamoli huwasaidia baadhi ya watu, na mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24. Mwenye ugonjwa wa ini, au anayekunywa ulanzi au pombe nyingine mara kwa mara, amwulize daktari kwanza. Vidonge vya ibuprofeni na diklofenaki vina nguvu, lakini vikitumiwa muda mrefu huweza kuleta vidonda vya tumbo, kupandisha shinikizo la damu na kuharibu figo, na hatari huwa kubwa zaidi kwa wazee, ambao ndio wanaovinunua kwa wingi bila cheti.

Jihadhari sana na mchanganyiko wa vidonge visivyo na jina unaofungwa kwenye karatasi. Mama aliuziwa katika duka moja la dawa, akapata nafuu ya ajabu kwa siku nne, kisha uso ukaanza kumvimba. Daktari alituambia kwamba michanganyiko ya namna hiyo mara nyingi huwa na prednisoloni au deksamethasoni, dawa ambazo zikitumiwa ovyo hupandisha sukari na kudhoofisha mifupa, na ambazo zikishatumiwa kwa muda mrefu hazitakiwi kukatishwa ghafla bila usimamizi. Chale za kwenye goti nazo hazifiki kwenye gegedu, na zinaweza kuingiza vijidudu.

Kwa baridi, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, ikiwekwa kwenye goti kwa dakika 15 hadi 20 kabla ya mazoezi, hulegeza misuli vizuri. Mwenye kisukari aliyepungukiwa na hisia miguuni apimiwe joto na mtu mwingine asije akaungua. Goti likiwa limevimba na lina joto, tumia kitambaa cha maji ya baridi badala yake. Kamwe usilale na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa ili kuyapasha magoti joto. Hewa yake ya sumu haina harufu, na inaua watu usingizini.

Ikiwa baada ya miezi kadhaa ya mazoezi ya kweli maumivu bado yanakunyima usingizi na huwezi kutembea hata ndani ya uwanja wako, omba rufaa kwa daktari wa mifupa. Wa Mbeya na mikoa jirani huanzia katika hospitali ya wilaya au ya mkoa na kupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Sindano ya dawa ndani ya goti hutuliza kwa wiki kadhaa na haifai kurudiwa ovyo. Upasuaji wa kuweka goti bandia hufanyika katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, na kwa wengi goti hilo hudumu miaka 15 hadi 20 au zaidi. Uliza mapema gharama zake na kiasi ambacho bima yako inalipia. Mazoezi ya paja yaendelee hata unapoisubiri tarehe ya upasuaji, kwa sababu anayeingia akiwa na paja lenye nguvu huwa na wepesi zaidi wa kusimama tena.