Subaru ya turbo inatetemeka sailensi: tafuta hewa ya wizi kabla ya kununua plagi

Gari yenyewe ni Impreza WRX ya 2003, injini EJ20 ya turbo, imepandishwa Arusha kutoka Dar es Salaam. Ukikanyaga mafuta inakwenda bila kosa. Ukisimama kwenye taa, gari ikiwa sailensi (injini inawaka bila kukanyaga mafuta), usukani unatetemeka na mshale wa mizunguko ya injini kwa dakika unacheza kati ya 500 na 900, wakati ikishapata moto ulitakiwa utulie karibu na 700. Mwenyewe alikuwa ameshanunua plagi 4 na koili 4 (za kupeleka umeme kwenye plagi), zote mpya. Ugonjwa ulikuwa mpira wenye ufa chini ya manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda). Iliniuma, kwa sababu nusu saa ya kupima ingemwokolea pesa yote ile.

Kwanza tuelewane kuhusu hewa. Kwenye injini hii sensa ya hewa, MAF, imekaa baada tu ya boksi la filta. Kompyuta hutoa mafuta kwa kuhesabu hewa iliyopita hapo. Hewa ikiingilia mahali pengine baada ya sensa haijahesabiwa, ndiyo maana naiita hewa ya wizi. Mafuta yanakuwa pungufu na silinda zinawaka kwa shida. Tena ikiwa sailensi injini hunywa hewa kidogo sana, kwa hiyo ufa mdogo unachangia sehemu kubwa. Ukikanyaga, hewa halali inakuwa nyingi na ufa ule ule hausikiki. Gari inayotetemeka imesimama na kutulia ikikimbia, mimi huanzia kwenye hewa.

Usichanganye na mngurumo. Subaru zenye mabomba ya ekzosi yasiyolingana urefu hunguruma kwa kudundadunda zikiwa nzima kabisa. Weka kiganja nyuma ya bomba la moshi: kama moshi unasukuma kwa mapigo ya kufuatana bila kuruka, huo ni mngurumo tu. Kama kuna pigo linalokosekana, gari ina misi, yaani kuna silinda isiyowaka sawasawa.

Sasa jua kama anayeumwa ni silinda moja au zote. Injini ikiwa sailensi, chomoa soketi ya koili moja (soketi tu, usishike koili), sikiliza kwa sekunde chache, rudisha, nenda nyingine. Silinda 1 na 3 ziko upande wa dereva kwa gari zetu za usukani wa kulia, 2 na 4 upande wa pili. Silinda ambayo ukiichomolea soketi injini haibadiliki, hiyo ndiyo haifanyi kazi. Hapo plagi, koili au nozeli (ya kupulizia mafuta) zina haki ya kushukiwa. Ukiona zote zinabadilisha sauti kwa kiasi kile kile, acha plagi za watu.

Chomeka mashine ya kupimia kompyuta ya gari, na usiishie kusoma kodi za hitilafu. P0171 inakwambia tu kwamba mchanganyiko una mafuta machache. Fungua data hai utazame marekebisho ya mafuta, yaani asilimia ambayo kompyuta inaongeza (+) au kupunguza (-): STFT ni ya papo hapo, LTFT ni ya muda mrefu, ujumlishe hizo mbili. Gari nzima hucheza karibu na sifuri, ndani ya asilimia 5 juu au chini. WRX ile ilisoma +22 sailensi. Nikaishikilia kwenye mizunguko 2,500, ikashuka hadi +6. Kushuka kwa namna hiyo ni alama ya hewa inayoingia baada ya throto (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta): manifoldi, gasketi zake, oringi za nozeli, mpira wa buster ya breki, mpira wa PCV (unaorudisha mvuke wa ndani ya injini kwenye manifoldi). Ingebaki juu au kupanda, ningetazama sensa ya hewa iliyochafuka, presha ya mafuta, au bomba kubwa la mpira linalopita chini ya manifoldi kwenda kwenye turbo. Bomba hilo likizeeka hupasuka upande wa chini, usikoweza kuuona.

Geji ya vakyumu, inayopima mvuto wa hewa ndani ya manifoldi, nayo inasaidia, ila usisome namba za pwani ukiwa mlimani. Dar injini nzima ikiwa sailensi huonyesha inchi 18 hadi 21 za zebaki. Kila ukipanda mita 300 hivi, toa inchi 1. Arusha ni kama mita 1,400, kwa hiyo 14 hadi 16 hapa ni afya. Ile ilikuwa 11, na sindano inatikisika.

Kutafuta ufa wenyewe, anza na macho na tochi, kisha bana mipira mmoja mmoja kwa plaizi iliyofungwa kitambaa. Ukibana na injini ikatulia, umeupata. Wengine hupulizia dawa ya kusafishia kabureta kwenye mipira wasikie kama injini itabadilika, ila siipendi kwenye gari hii: turbo iko pale pale nyuma, inawaka, na dawa ile inashika moto haraka. Ninachokiamini ni mashine ya moshi. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, ziba njia ya hewa baada ya sensa, ingiza moshi kupitia mpira mmoja wa vakyumu, presha isifike hata psi 1, halafu subiri. Kwa dakika 3 sikuona kitu. Kisha uzi mwembamba wa moshi ukapanda kutoka nyuma ya manifoldi, kwenye kona ya mpira wa PCV. Mpira ulikuwa umekauka, unavunjika kama biskuti.

Wanaopenda mlio wa “pshhh” wasikilize hapa. Valvu ya turbo inayomwaga hewa nje, ikiwa na springi laini, huweza kufunguka kidogo sailensi kwa sababu vakyumu inaivuta, na hewa ya wizi inaingilia hapo. Rudisha ile ya kiwandani inayorejesha hewa ndani, kisha upime tena kabla hujagusa kingine.

Ukishabadilisha mpira, futa kumbukumbu ya kompyuta, washa gari, iache ipate moto bila kukanyaga. Tembea nayo siku 2, rudi usome marekebisho upya. WRX ile ilirudi na +3, mshale umesimama 700. Yako ikirudi na zaidi ya 10, washa moshi tena. Kwenye injini ya umri huu mpira wa pili mara nyingi umekauka pamoja na wa kwanza.