Valvu zinazopiga kelele kwenye Datsun 240Z: kuzisikiliza, kuzipima na kuzirekebisha

Injini ya L24, ile ya silinda sita na ujazo wa cc 2,393 iliyoipa Datsun 240Z ushindi wa Safari Rally mwaka 1971 na 1973, haikuumbwa iwe kimya. Kamshafti (mhimili wenye nundu zinazofungua valvu) iko juu ya hedi, yaani kichwa cha injini, roka (mikono midogo inayopokea msukumo wa nundu na kubonyeza valvu) ni za chuma, na hakuna tapeti za haidroliki za kujirekebisha zenyewe. Ikiwa nzima hulia kama cherehani: mlio mwembamba, wa kasi moja, usiochosha. Unachotafuta ni mpigo mmoja uliojitenga na wenzake, au kundi zima lililopaza sauti kuliko ulivyozoea.

Valvu inayolia si ya kutia hofu sana. Ya kuogopwa ni ile iliyonyamaza. Mwanya kati ya nundu na roka ukiwa mpana, roka inagongwa, valvu inafunguka kidogo kuliko inavyotakiwa, na uchakavu unakwenda polepole. Mwanya ukiisha kabisa, valvu haikai sawasawa kwenye kiti chake. Valvu ya moshi hupoa kwa kugusa kiti hicho. Ikikosa kukigusa inaungua ukingo, na silinda inapoteza kompresheni bila kelele yoyote. Kwa hiyo fundi anayebana valvu mpaka injini inyamaze hajaponya kitu, ameficha ugonjwa tu.

Kwanza hakikisha ni valvu

Kamshafti huzunguka nusu ya kasi ya kranki, mhimili mkuu wa injini. Injini ikinguruma bila kukanyagwa, mizunguko 800 kwa dakika, valvu moja hugonga mara 400, yaani mipigo sita au saba kwa sekunde. Mlio wa beringi ya konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na kranki) huja kila mzunguko, kasi maradufu ya hiyo, nao ni mzito, unatoka chini, na huongezeka gari likipanda mlima. Ukisikia huo, zima injini. Habari ya valvu isubiri.

Anayedanganya watu kuliko wote ni moshi unaovuja kwenye gasketi ya manifoldi, mabomba yanayotoa moshi kwenye hedi. Silinda moja hutoa moshi mara moja kila mizunguko miwili ya kranki, kwa hiyo mlio wake una kasi ileile ya valvu. Kwenye injini hizi stadi za pembeni, karibu na silinda ya 1 na ya 6, ndizo zinazokatika au kulegea, kwa sababu manifoldi ndefu hupinda kwa joto. Dalili: kelele ni kali injini ikiwa ya baridi, kisha hupungua chuma kikitanuka na kuziba ufa. Kipimo cha uhakika: injini ikinguruma, ng'oa waya wa plagi moja moja kwa koleo lenye mpini wa mpira, kisha uegemeze waya kwenye chuma cha injini ili umeme usitafute njia nyingine. Kelele ikipungua sana au kukatika kwenye silinda fulani, ni moshi. Valvu haijali kama silinda inawaka au haiwaki, italia vilevile.

Pampu ya petroli nayo husukumwa na kamshafti, mbele upande wa kulia wa hedi, na hulia ta-ta-ta kwa kasi ya valvu. Weka ncha ya bisibisi ndefu juu yake na sikio kwenye mpini. Cheni ya taimingi iliyolegea hukwaruza mbele kabisa, hasa unapoachia mafuta ghafla. Sikiliza zote mbili kabla ya kufungua kava.

Vipimo na vifaa

Injini ikiwa ya baridi kabisa, iliyolala usiku mzima: valvu ya hewa milimita 0.20, valvu ya moshi milimita 0.25. Injini ikiwa ya moto: 0.25 na 0.30. Hedi ya alumini hutanuka kuliko chuma cha valvu, ndiyo maana mwanya hupanuka kwa joto badala ya kupungua. L26 na L28 za 260Z na 280Z hutumia vipimo hivyohivyo. Kamshafti ya mashindano iliyowekwa baadaye ina vipimo vyake, kwa hiyo fuata karatasi ya aliyeitengeneza.

Kupima kwa moto ndiko kunakopendwa na wengi, lakini alumini hupoa upesi na mikono huungua. Ukifika valvu ya kumi injini si ya moto tena. Fanya kazi kwa baridi, vipimo vitoke sawa kwa zote kumi na mbili.

Unahitaji fila geji ya milimita (vipande vyembamba vya chuma vya kupimia mwanya), spana bapa za 14 na 17, soketi ya 27 ya kuzungushia kranki, soketi ya plagi, gasketi mpya ya kava, kitambaa safi kisichoacha nyuzi, karatasi na kalamu.

Kufungua

Osha kava kabla ya kuifungua. Mchanga ulioko juu yake una njia moja tu ya kwenda. Ng'oa betri, toa plagi zote sita ili kranki izunguke kwa urahisi, fungua kava. Kisha, kabla ya jambo lolote jingine, ziba kwa kitambaa lile shimo la mbele inakopita cheni. Nati ikidondoka humo inashuka moja kwa moja mpaka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na kazi ya saa mbili inageuka kazi ya siku mbili.

Usifungue bolti ya gia ya kamshafti kwa sababu yoyote bila kuikaza cheni kwa kabari ya mbao. Cheni ikilegea, kikazio chake kinachomoka chini, na hakirudi mpaka ufungue kava ya mbele ya injini.

Kuanzia mbele, penye feni, valvu zinapangwa hivi: ya 1, 3, 6, 7, 10 na 12 ni za moshi, ya 2, 4, 5, 8, 9 na 11 ni za hewa. Ukisahau, fuata kwa macho bomba la manifoldi linalolingana na valvu hiyo.

Kupima kabla ya kugusa

Zungusha kranki kufuata mshale wa saa ukiwa umeitazama kwa mbele, usirudi nyuma. Leta alama ya puli kwenye sifuri. Tazama nundu mbili za silinda ya 1: zikiwa zimeinuka juu kama masikio ya sungura, uko mahali pake. Zikiwa zimelalia roka, zungusha mzunguko mmoja zaidi. Pima valvu ya 1 na ya 2, kisha zungusha theluthi ya mzunguko na uende silinda inayofuata kwa mpangilio wa kuwaka: 1-5-3-6-2-4. Mizunguko miwili ya kranki inamaliza zote.

Kipande cha fila geji hupita kati ya nundu ya kamshafti na uso wa roka, si kwenye ncha ya valvu. Kinapaswa kupita kwa mvuto mdogo, kama unavuta karatasi iliyobanwa kati ya kurasa za kitabu kizito. Usipoiamini mikono yako, tumia vipande viwili: kwa valvu ya hewa, cha 0.18 kipite bila shida na cha 0.23 kikatae.

Andika vipimo vyote kumi na viwili kabla ya kulegeza nati hata moja. Karatasi hiyo ina maana kuliko marekebisho yenyewe. Zote zikiwa zimepanuka kwa 0.05 hivi, ni uchakavu wa kawaida. Moja ikiwa 0.45 na jirani zake 0.25, tazama nundu yake na roka yake kwa tochi: uso unapaswa kung'aa sawasawa, bila vishimo wala mikwaruzo. Valvu iliyobana kuliko zamani, hasa ya moshi, inazama kwenye kiti chake. Irekebishe, kisha ipime kompresheni ya silinda hiyo.

Ogopa pia roka iliyochimbika. Kipande cha fila geji hulala juu ya kingo za shimo na kukuambia 0.25, wakati mwanya wa kweli ni mkubwa zaidi. Ndiyo maana kuna valvu inayolia hata baada ya "kurekebishwa" mara tatu.

Kurekebisha

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Roka imekaa juu ya pivoti, bolti ya kurekebishia mwanya, na kamshafti iko juu ya roka. Ukifungua pivoti kinyume cha saa, inapanda, inainua roka kuelekea kamshafti, na mwanya unapungua. Ukiikaza kufuata saa, inashuka na mwanya unapanuka. Ni kinyume cha mkono ulivyozoea kwenye injini nyingi.

Shika pivoti kwa spana ya 14, legeza nati kwa ya 17. Acha kipande cha fila geji ndani, zungusha pivoti mpaka mvuto uwe sawa, kisha kaza nati huku spana ya 14 ikizuia. Nati inapokazwa huvuta pivoti juu kidogo, hivyo mwanya hupungua; anza ukiwa umeacha mpana kwa nywele moja. Pima tena baada ya kukaza. Nguvu ya nati ni kati ya Nm 49 na 59. Ikilegea barabarani, roka inaweza kuruka nje ya mahali pake.

Hakikisha pedi ndogo ya chuma iliyo juu ya kila valvu imekaa kwenye kikombe chake na haikuinama, na springi inayoshika roka imekaa sawa.

Oili

Nundu ikiliwa mara moja, italiwa tena mpaka ujue ilikosa nini. Baadhi ya kamshafti hizi hupata oili kwa bomba lenye matundu lililolala juu yake. Nyingine zina matundu ndani ya nundu zenyewe. Ng'oa waya wa koili, rudisha betri, zungusha injini kwa stata kava ikiwa wazi, na utazame: kila nundu lazima ilowe. Tundu lililoziba lisafishe kwa waya mwembamba. Tumia oili ya 20W-50 au 10W-40 yenye zinki ya kutosha, kwa sababu roka hizi husuguana na nundu bila rola.

Funga kava kwa gasketi mpya, ukikaza bolti kidogo kidogo kwa kupishana. Washa, acha ipate moto, sikiliza. Pima tena baada ya kilomita 1,000. Valvu ambayo mwanya wake umepanuka tena kwa 0.10 au zaidi katika umbali huo ina nundu inayokwisha, na hapo unahitaji kamshafti na roka mpya, zote kwa pamoja.