Kabla hujashuka Mombasa kwa Krismasi na mfuko mwepesi

Kila Desemba ndugu zetu wa bara hushuka Pwani, na kila Januari sisi wenyeji hubaki tukihesabu waliokwama. Mombasa haihitaji pesa nyingi. Vitu vyake vizuri havina tikiti: bahari, upepo wa kaskazi, feri, vichochoro vya Mji wa Kale. Pesa ya mgeni huishia kwenye mambo ambayo hakuuliza mapema.

Nauli kwanza. Kata tikiti ya kurudi siku ile ile unayokata ya kuja. Daraja la kawaida la treni ya SGR kutoka Nairobi lilipandishwa hadi shilingi 1,500 Januari 2024, na bei hiyo haifuati sikukuu kama ya mabasi, ndiyo maana nafasi huisha mapema. Shule zikikaribia kufunguliwa kila mtu anataka kurudi wiki moja, na hapo mabasi hujipangia bei yapendavyo. Jua pia kwamba treni inaishia Miritini, si mjini. Tenga nauli ya matatu, na usimfuate dereva wa kwanza anayekunyang'anya begi kwa ukarimu.

Malazi: usitume hata shilingi kwa nyumba ambayo wewe au mtu wako hajaingia ndani. Picha hazina mwenyewe. Ukishapata mtu wa kukuangalizia, mwambie afungue bomba. Nyumba nyingi hapa zina maji ya chumvi ya kisima, na maji matamu huuzwa kwa mtungi juu ya mkokoteni. Kwa familia ya watu sita hayo ni matumizi ya kila siku. Aangalie na feni na chandarua. Desemba ni joto, na usiku usiolala utakufanya uhamie hoteli kwa hasira.

Chakula ni rahisi. Asubuhi mahamri na mbaazi, mchana kula wanapokula madereva wa tuktuk, jioni viazi karai au mishkaki. Ukienda ufuoni beba chakula na maji yako kwenye kikapu. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 2017, usijifanye hukusikia.

Sasa nisikilizeni kuhusu bahari, maana hapa ndipo watu wanapoumia.

Shemeji yangu alikuja na watu wake kutoka Kitale, bara kabisa. Watu wa mipango: wamepika pilau, wamebeba leso za kukalia, wamefika ufuo wa Pirates asubuhi kabla ya msongamano. Wakakuta bahari imekwenda mbali, mchanga mpana na mgumu, hata timu mbili zingecheza mpira. Juu karibu na vibanda kulikuwa na watu na kelele, wao wakashuka chini kabisa, kwenye ubaridi. Wakatandika, wakapanga viatu, wakakusanya simu zote kwenye mfuko mmoja ili zisiibiwe. Wizi waliufikiria, wala siwalaumu, ufuoni wezi wapo. Maji hakuna aliyeyafikiria. Wa Kitale atayajulia wapi?

Baada ya chakula wakubwa wakasinzia, watoto wakaingia kuogelea. Maji ya hapa hayaji kwa mbele yakibisha hodi kama mgeni mwenye adabu. Hutangulia kujaza mabonde ya mchanga yaliyo nyuma yako, na unapoinua kichwa umeshazungukwa. Waliamshwa na ubaridi mgongoni. Watoto waliwahiwa wote, alhamdulillahi. Leso mbili na viatu vilielea, sufuria ikapinduka, na ule mfuko wa simu ulipopatikana ulikuwa umejaa chumvi. Ndani yake kulikuwa na M-Pesa ya nyumba nzima, na kitambulisho cha shemeji kilichokuwamo kilikuwa kimechukuliwa na maji.

Hesabu ya siku hiyo ya bure ndiyo hii: nauli ya kurudi nyumbani ya kukopa kwa muuza madafu, simu mpya kwa bei ya sikukuu, foleni ya kurudisha laini wakati kitambulisho hakipo, na safari ya polisi kuandikisha kwamba kimepotea, maana kituo cha treni hupiti bila kitambulisho. Pesa walikuwa nazo. Hazikushikika tu.

Kwa hiyo shika hili. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua: maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi na kujaa sana mnamo saa kumi jioni, na tofauti ya kina hupita mita 3. Yaani siku za bamvua ufuo unaoukuta asubuhi haupo jioni. Katikati ya hapo ni maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, na saa hugeuka. Tazama mwezi usiku wa kuamkia, au muulize mvuvi yeyote. Atakujibu bila malipo. Kisha tandika juu ya ule mstari wa mwani mkavu, huko ndiko maji yalikoishia mara ya mwisho. Simu mbili zisikae mfuko mmoja, na noti kidogo ya nauli ishonwe nguoni.

Mengine ni mepesi. Bustani ya Mama Ngina hakuna kiingilio: kaa chini ya mibuyu jioni, nunua muhogo wa kukaanga wenye ndimu na pilipili, tazama meli zikiingia Kilindini. Feri ya Likoni kwa miguu ni bure, ila siku ya Krismasi na ya pili yake usivuke na watoto jioni. Fort Jesus, ngome waliyoanza Wareno 1593, ndani inalipiwa, na bei ya raia ni tofauti na ya mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho. Ukiona ghali, zunguka kuta zake kwa nje uingie Mji wa Kale, umejistiri mabega na magoti. Ibada ya Krismasi ipo kanisa kuu la Holy Ghost, au lile la Kianglikana lenye kuba kama msikiti. Nenda mapema upate kiti.

Ngamia, picha, boya la kuogelea, tuktuk: bei kwanza, ndipo upande. Mpiga picha mwambie idadi kabla hajainua kamera, la sivyo atakupiga arubaini na utadaiwa zote.

Watoto waandikeni namba ya simu mkononi kwa kalamu. Waliokunywa wasiingie majini, hata magotini. Bodaboda za usiku, hapana. Mkoba mbele, si mgongoni, hasa soko la Marikiti na kwenye feri. Na maji ya kunywa, bebeni mengi kuliko mnavyodhani.