Kabla hujafungua shamba jipya, chimba shimo: somo la karanga za Kongwa

Trekta lisubiri. Kama unataka kufungua pori msimu huu, anza na sululu na shimo la futi 2, na ulichimbe Agosti au Septemba ardhi ikiwa imekauka. Kongwa, mkoani Dodoma, mradi wa karanga wa Waingereza ulianza na trekta.

Mwaka 1946 Uingereza, iliyokuwa na uhaba wa mafuta ya kula, ilituma wataalamu Tanganyika chini ya John Wakefield. Kwa wiki 9 tu walikagua maeneo, mengi kwa ndege, wakapendekeza ekari zaidi ya milioni 3 za karanga. Mwaka 1947 mitambo mizito ikaanza kung'oa vichaka na mibuyu Kongwa. Udongo wa pale ni mwekundu, wenye mfinyanzi na chembe kali za mchanga zilizokula majembe ya trekta. Mvua zikikatika, unakauka na kuwa mgumu kama saruji. Karanga huchanua juu lakini huzaa chini: kijiti cha ua lazima kipenye udongoni, na wakati wa kuvuna punje zinabaki ardhini kama udongo umeshikamana. Mvua nazo hazikutosha. Wagogo, wenyeji wa hapo, walilima mtama na uwele kwa sababu waliijua nchi yao, na inaniuma kwamba ujuzi huo haukupewa uzito. Januari 1951 mradi ulifutwa, pauni takriban milioni 36 zikiwa zimepotea.

Basi, chimba mashimo matatu au manne sehemu mbalimbali za shamba. Sululu ikidunda, usipande karanga hapo. Lowesha udongo kidogo, uviringishe kiganjani: ukitoa uzi unaopinda bila kukatika, mfinyanzi ni mwingi. Kwa vipimo vya maabara, mwone afisa ugani wako.

Waulize wazee mvua hukatika lini. Dodoma, ukame wa Februari ni jambo la kawaida, kwa hiyo mbegu ya muda mfupi kama Pendo, inayokomaa kwa siku 90 hadi 100, ina nafuu. Jaribu robo ekari kwanza, misimu miwili ikiwezekana.

Na usisafishe pori lote. Acha miti mikubwa, hasa kwenye mteremko. Visiki vinavyochipua vifanye kisiki hai: chagua machipukizi mawili au matatu yenye nguvu, punguza mengine, weka alama watu wasiyakate, na yalinde yasiliwe na mifugo.